Pasipoti ya Uingereza, mlango umefungwa: Bunge la London lina mipaka gani?

Jakobsberg, Stockholm

Alfajiri ya Machi 1, mwaka 1968, wajumbe wa Baraza la Malodi mjini London walitoka katika kikao kilichokuwa kimekesha usiku kucha. Muswada waliokuwa wakiujadili ulipata idhini ya Malkia siku hiyohiyo na kuwa sheria. Tangu wakati huo maelfu ya watu waliokuwa Nairobi, Mombasa, Kisumu, Kampala na Dar es Salaam, na ambao mifukoni mwao walikuwa na pasipoti za Uingereza, hawakuwa tena na haki ya kuingia Uingereza.

Hawakunyang'anywa uraia. Pasipoti zao zilibaki halali, zenye nembo ya simba na farasi wa pembe moja, na bado zilimtaja mwenyewe kuwa raia wa Uingereza na Makoloni yake. Kilichoondolewa ni kile kimoja ambacho kwa kawaida ndicho maana ya kuwa raia, yaani haki ya kubisha hodi katika nchi yako na kufunguliwa.

Je, Bunge linaweza kuwafanyia hivyo raia wa nchi yake yenyewe, tena kwa kikao cha siku chache? Jibu la mwanasheria wa Kiingereza, wakati ule na hata leo, ni kwamba linaweza. Kisa hiki cha Afrika Mashariki kinaonyesha kwa nini, na kinaonyesha pia ni wapi uwezo huo hukwama.

Ahadi ya mwaka 1963

Kenya ilipopata uhuru Desemba 12, mwaka 1963, sensa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imehesabu Waasia wapatao 177,000 nchini humo. Walikuwamo wajukuu wa mafundi wa reli ya Uganda, wenye maduka wa Biashara Street, makarani wa serikali, waalimu na madaktari. Katiba ya uhuru ilimpa uraia wa Kenya moja kwa moja kila aliyezaliwa nchini ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo. Waliosalia walipewa miaka miwili ya kuomba, kwa sharti la kuukana uraia wao wa awali.

Wengine waliomba. Wengine walisita wakisubiri kuona upepo utavumia wapi, na wako waliopeleka maombi siku za mwisho, mafaili yao yakakaa maofisini. Muda ulipokwisha Desemba 1965, sehemu kubwa ya jamii hiyo ilikuwa imebaki na uraia wa Uingereza pekee.

Hapa ndipo penye kitendawili cha kisheria. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1962 ilikuwa imekwisha kuweka vizuizi kwa wahamiaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola, lakini iliwaacha huru wenye pasipoti zilizotolewa na serikali ya London yenyewe. Pasipoti iliyotolewa na gavana wa koloni haikuhesabiwa. Kabla ya uhuru, Mwasia wa Nairobi alipewa pasipoti na gavana. Baada ya uhuru gavana hakuwapo tena, na aliyetoa pasipoti alikuwa Balozi wa Uingereza, kwa niaba ya London. Kwa hiyo uhuru wa Kenya ndio uliowafungulia watu hao njia ya kuingia Uingereza bila kizuizi.

Je, hilo lilikusudiwa au lilipita kwa bahati mbaya? Wanasiasa wa chama cha Conservative walioshughulikia uhuru wa makoloni walitofautiana. Iain Macleod, aliyekuwa Waziri wa Makoloni hadi mwaka 1961, alisisitiza hadharani kwamba ahadi ilitolewa na ilijulikana. Duncan Sandys, aliyeshika wadhifa huo Kenya ilipopata uhuru, alikana na kuongoza kampeni ya kutaka mlango ufungwe. Waswahili husema ahadi ni deni. Katika mzozo huu wadeni wenyewe hawakukubaliana kama waliwahi kukopa.

Juma moja la Februari

Mwaka 1967 Bunge la Kenya lilipitisha sheria mbili, moja ya uhamiaji na nyingine ya leseni za biashara. Asiye raia alihitaji kibali cha kazi, na katika maeneo mengi hakuruhusiwa kufanya biashara bila leseni maalumu. Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilitaka nafasi za kazi na maduka ziende kwa raia. Waasia wenye pasipoti za Uingereza walianza kuuza walichoweza kuuza, na mwanzoni mwa mwaka 1968 ndege zilizotoka Embakasi kwenda London ziliondoka zimejaa. Minong'ono kwamba mlango ungefungwa ilizidi kuwaharakisha.

Magazeti ya London yaliandika kana kwamba mafuriko yanakuja. Enoch Powell na Sandys walishinikiza. Waziri wa Mambo ya Ndani katika serikali ya Labour ya Harold Wilson alikuwa James Callaghan, aliyekuwa na miezi michache tu katika wizara hiyo. Nyaraka za Baraza la Mawaziri zilizofunguliwa baada ya miaka 30 zinaonyesha kwamba Waziri wa Jumuiya ya Madola, George Thomson, aliwaonya wenzake kwamba sheria hiyo ingekuwa ya kibaguzi wa rangi na kinyume cha misingi ya serikali yao. Onyo hilo halikufua dafu.

Callaghan alitangaza mpango huo Februari 22. Mjadala ulianza Baraza la Makabwela Februari 27. Mwaka ule Februari ilikuwa na siku 29, na siku ya ziada ilitumika vizuri, kwani usiku wake ndio Malodi waliokesha. Kwa siku tatu hivi bungeni kazi ilikuwa imekwisha. Vyama vyote viwili vikubwa viliunga mkono, ingawa wabunge wachache wa kila upande, Macleod akiwa mmoja wao, walipiga kura ya kupinga.

Sheria haikutaja rangi ya mtu popote. Ilisema tu kwamba raia mwenye pasipoti ya London ataingia bila kizuizi endapo yeye, au mzazi wake, au babu au bibi yake, alizaliwa Uingereza, au aliasiliwa au kuandikishwa uraia huko. Mlowezi wa Nakuru ambaye babu yake alitoka Yorkshire alipita. Jirani yake ambaye babu yake alitoka Gujarat alitakiwa kuwa na hati maalumu, na hati hizo zilikuwa 1,500 tu kwa mwaka, moja kwa kila mkuu wa familia. Foleni ilihesabika kwa miaka.

Kwa nini hakuna jaji aliyeweza kuizuia

Katika nchi nyingi duniani mtu aliyefanyiwa hivyo angekwenda mahakamani na kuomba sheria ifutwe kwa kuwa inapingana na katiba. Uingereza haina katiba ya aina hiyo. Ina sheria nyingi za kikatiba, mila za kisiasa na hukumu za karne kadhaa, lakini haina waraka mmoja uliowekwa juu ya Bunge. Aliye juu ni Bunge lenyewe, yaani mfalme au malkia pamoja na mabaraza yake mawili.

Kanuni hiyo ya mamlaka makuu ya Bunge ilielezwa kwa namna ambayo wanafunzi wa sheria huikariri hadi leo na A. V. Dicey, profesa wa Oxford, katika kitabu chake cha mwaka 1885. Kwa maelezo yake, Bunge linaweza kutunga au kufuta sheria yoyote ile, na hakuna mtu wala chombo kinachotambuliwa na sheria za Uingereza kuwa na haki ya kuitangua. Wengine wameongeza tokeo moja la kimantiki: Bunge la leo haliwezi kulifunga mikono Bunge la kesho, kwani la kesho nalo litakuwa na mamlaka yaleyale.

Majaji wameishika kanuni hiyo kwa uaminifu. Mwaka 1974 mtu mmoja aliyegombania kipande cha ardhi kando ya reli ya zamani alidai kwamba shirika la reli lililidanganya Bunge ili lipitishe sheria ya kumpokonya. Malodi wa sheria, ambao wakati huo ndio waliokuwa mahakama ya juu kabisa, walimwambia kwamba kazi ya mahakama ni kuitumia sheria iliyopita. Jinsi ilivyopita ni jambo la Bunge.

Mwaka huohuo wa 1974 kanuni hiyo ilimkuta mtu wa Afrika Mashariki. Idi Amin alikuwa amewapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, tangu Agosti hadi Novemba mwaka 1972. Serikali ya Edward Heath iliwapokea wengi wao, zaidi ya 27,000, na hatua hiyo inastahili kukumbukwa kwa sababu sheria ya 1968 haikuwalazimisha. Lakini si wote waliopokelewa. Katika kesi iitwayo Thakrar, mzaliwa wa Uganda aliyefika London kupitia Austria, na ambaye hadhi yake ilikuwa ya mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza, aliomba Mahakama ya Rufaa itambue kwamba kwa sheria za kimataifa nchi haiwezi kumkataa mtu wake aliyefukuzwa kwingine. Lord Denning na wenzake walikataa. Hata kama kanuni hiyo ya kimataifa ingekuwapo, sheria ya Bunge ilikuwa imeshasema vingine.

Nadharia ya Dicey ina upande mwingine unaowagusa wasikilizaji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1961 Bunge hilohilo lilipitisha sheria ya uhuru wa Tanganyika, ikisema kwamba hakuna sheria yake ya baadaye itakayofika Tanganyika. Je, kwa kuwa Bunge haliwezi kujifunga, linaweza kuifuta sheria hiyo na kurudi kutawala? Katika vitabu swali hilo limejadiliwa kwa uzito ambao ungewachekesha wazee wa TANU. Lord Denning, safari hii katika kesi ya mwaka 1971, alisema uhuru ukishatolewa hauwezi kurudishwa, na kwamba nadharia ya sheria hulazimika kuupisha ukweli wa kisiasa. Bunge la London lingeweza kutunga sheria ya namna hiyo, nayo ingesomwa London.

Mlango wa Strasbourg

Waliofungiwa mwaka 1968 walipata jukwaa nje ya Uingereza. Mwaka 1966 serikali ya Wilson ilikuwa imekubali kwamba mtu binafsi anaweza kuishitaki Uingereza kwenye Kamisheni ya Ulaya ya Haki za Binadamu mjini Strasbourg. Ilionekana kuwa hatua ndogo. Miaka miwili baadaye ilibadili mambo.

Hata huko njia haikuwa tambarare. Mkataba wa Ulaya una itifaki ya nne inayosema wazi kwamba hakuna raia atakayenyimwa haki ya kuingia nchini mwake. Uingereza iliitia saini mwaka 1963 lakini haikuiridhia, na haijairidhia hadi leo. Mawakili wa Waasia, akiwamo Anthony Lester, walilazimika kutafuta kifungu kingine. Walichagua kifungu cha tatu, kile kinachokataza mateso na vitendo vya kudhalilisha. Hoja yao ilikuwa kwamba kumtenga mtu hadharani kwa sababu ya rangi yake, na kumrusha kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine huku pasipoti ya nchi yako ikiwa mkononi mwake, ni kumdhalilisha.

Kamisheni ilizipokea kesi 31 mwaka 1970. Desemba 14, mwaka 1973, ilitoa maoni kwamba katika kesi 25, za waliokuwa raia kamili wa Uingereza na Makoloni, sheria ya 1968 ilikuwa na lengo la kibaguzi wa rangi na waombaji walikuwa wamedhalilishwa. Wale sita waliokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tu hawakufanikiwa.

Ushindi huo ulifichwa kabatini. Maoni ya Kamisheni yalipaswa kuthibitishwa na Kamati ya Mawaziri ya Baraza la Ulaya kwa theluthi mbili ya kura. Mwaka 1977 kamati ilitangaza kwamba wingi huo haukupatikana, na kwamba hakuna hatua zaidi ingechukuliwa. Waombaji wenyewe walikuwa wameruhusiwa kuingia, kimyakimya. Ripoti haikuwekwa wazi hadi mwaka 1994.

Kwa hiyo Strasbourg haikuifuta sheria, na haikuwa na uwezo wa kuifuta. Ilichofanya ni kuifanya serikali itafute njia ya kupunguza aibu: idadi ya hati iliongezwa, na foleni ikasogea. Utaratibu wa hati ulikomeshwa mwaka 2002, na mwaka huohuo Bunge likatunga sheria iliyowaruhusu waliobaki na uraia wa Uingereza wa ng'ambo, wasio na uraia mwingine wowote, kujiandikisha kuwa raia kamili. Ilianza kutumika Aprili 30, mwaka 2003. Mtoto aliyezaliwa Nairobi mwaka wa sheria ya 1968 alikuwa na umri wa miaka 35.

Majaji wanaosema kwa sauti ya chini

Laiti sheria ya 1968 ingepitishwa leo, mambo yangekuwa tofauti kidogo. Sheria ya Haki za Binadamu ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika Oktoba 2000, inaziruhusu mahakama za Uingereza kutamka kwamba sheria fulani ya Bunge haipatani na Mkataba wa Ulaya. Neno la kuzingatia hapa ni kutamka. Sheria inayotamkiwa hivyo inaendelea kutumika mpaka Bunge lenyewe litakapoibadili.

Desemba 2004 Malodi wa sheria walitoa tamko la namna hiyo kuhusu wageni waliokuwa wamefungwa bila kesi katika gereza la Belmarsh kwa tuhuma za ugaidi. Siku ya pili wafungwa hao walikuwa bado gerezani. Lakini miezi michache baadaye Bunge liliachana na kifungu hicho na kuweka utaratibu mwingine. Serikali ya Uingereza huona taabu kuishi na tamko la aina hiyo, na kwa kawaida hutii, ingawa hailazimiki.

Mpaka mwingine uko katika namna majaji wanavyosoma sheria. Katika kesi ya mwaka 1999 Lord Hoffmann alieleza kwamba Bunge likitaka kuvunja haki za msingi linaweza, lakini liseme waziwazi na libebe gharama yake ya kisiasa. Maneno ya jumla jumla hayatoshi. Ni mpaka wa kiungwana. Hata hivyo sheria nyingi za kimabavu hupita kwa kujificha nyuma ya maneno ya jumla, kwa hiyo si mpaka mdogo.

Mwaka 2005, katika kesi iliyotokana na marufuku ya kuwinda mbweha kwa mbwa, Lord Steyn alikwenda mbali zaidi. Alidokeza kwamba kanuni ya mamlaka ya Bunge ilibuniwa na majaji wenyewe, na kwamba kama siku moja Bunge lingejaribu kuziondolea mahakama kazi yao ya msingi, majaji wangeweza kulazimika kuifikiria upya. Steyn na Hoffmann wote wawili walizaliwa Cape Town. Walikulia katika nchi ambayo Bunge lake, lililofuata mfano wa London, liliwaondoa wapiga kura machotara katika daftari la wapiga kura wote kwa kutumia taratibu zilizoonekana halali. Huenda ndiyo sababu walikuwa wepesi wa kuiona hatari ambayo mwenzao aliyekulia Surrey angeiona kuwa ndoto. Dokezo lile halijawahi kujaribiwa.

Kigali, kwa amri ya Bunge

Nusura lijaribiwe mwaka 2024, na safari hii tena Afrika Mashariki ilikuwa katikati. Aprili 2022 serikali ya Boris Johnson ilikubaliana na Rwanda kwamba watu wanaoingia Uingereza kwa mashua kuomba hifadhi wapelekwe Kigali. Ndege ya kwanza ilizuiwa Juni mwaka huo, baada ya mahakama ya Strasbourg kuingilia kati. Novemba 15, mwaka 2023, majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Uingereza walisema kwa kauli moja kwamba mpango huo ni kinyume cha sheria, kwa sababu kulikuwa na hatari ya kweli kwamba waombaji wangerudishwa kutoka Rwanda hadi makwao walikokimbia.

Hiyo ilikuwa hoja ya ushahidi. Majaji walipima taarifa zilizokuwa mbele yao na kuona nchi hiyo si salama kwa watu hao. Serikali ya Rishi Sunak ilitia saini mkataba mpya na Rwanda, kisha ikapeleka bungeni muswada wa kuwaamuru maofisa na majaji wote waichukulie Rwanda kuwa nchi salama. Muswada ulisema pia, kwa herufi zilizo wazi, kwamba Bunge lina mamlaka makuu na kwamba uhalali wa sheria yake hauathiriwi na sheria za kimataifa. Mtu angeweza bado kulalamika juu ya hatari inayomkabili yeye binafsi, ila hakuruhusiwa kudai kwamba nchi kwa ujumla si salama.

Malodi waliurudisha muswada huo mara kadhaa. Aprili 25, mwaka 2024, ulipata idhini ya Mfalme. Hakuna jambo katika nadharia ya Dicey linalozuia Bunge la London kuamua kwa sheria hali ilivyo Kigali, hata miezi michache baada ya mahakama kuona vingine.

Sheria hiyo haikuangushwa na jaji. Uchaguzi ulifanyika Julai 4, serikali ikabadilika, na Waziri Mkuu mpya Keir Starmer akatangaza katika siku zake za mwanzo kwamba mpango umekufa. Walikuwa wamekwenda Rwanda watu wanne tu, kwa hiari yao. Mwaka 2025 Bunge likatunga sheria nyingine ya mipaka iliyoifuta ile ya 2024. Bunge lililotoka halikuweza kulifunga lililoingia, na kwa mara hii kanuni ileile iliyowaumiza Waasia wa Nairobi iliwanusuru waomba hifadhi.

Urithi wa Nairobi na Dodoma

Nchi za Afrika Mashariki zilianza uhuru zikiwa na katiba zilizoandikwa, na kwa maandishi katiba ndiyo iliyo juu ya Bunge. Ibara ya pili ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema sheria yoyote inayopingana nayo ni batili, na ibara ya 39 inampa kila raia haki ya kuingia na kuishi popote nchini. Muswada kama wa Callaghan, ukipitishwa Nairobi leo, ungetarajiwa kufika mahakamani kabla wino haujakauka.

Lakini fikra za Dicey hazikupotea zote. Tanzania ilipobadili katiba na kusisitiza kwamba mgombea lazima apendekezwe na chama cha siasa, Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda mahakamani kudai haki ya mgombea binafsi. Mahakama Kuu ilimpa ushindi. Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani waliutengua, wakisema mahakama haina mamlaka ya kubatilisha mabadiliko ya katiba yaliyopitishwa kwa utaratibu uliowekwa, na kwamba suala hilo ni la kisiasa, la kuamuliwa na Bunge. Mtikila akafuata njia iliyofanana na ile ya Waasia. Juni 14, mwaka 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilisema haki zake zilivunjwa. Mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuipeleka moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo.

Raia wawili katika treni moja

Kwa Waswahili waliohamia Ulaya swali hili si la vitabuni. Sweden nayo ilipokea sehemu ya Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, na tangu hapo Waafrika Mashariki wa kila asili wamehamia. Baadhi yao huishi katika vitongoji vya Stockholm kama Jakobsberg, makao ya manispaa ya Järfälla, ambako treni ya kuelekea mjini hujaa kila asubuhi watu wenye pasipoti ya Sweden na kumbukumbu ya nchi nyingine.

Sheria ya msingi ya Sweden, Regeringsformen, katika sura yake ya pili, inasema raia wa Sweden hawezi kufukuzwa nchini wala kuzuiwa kuingia. Inaongeza kwamba raia anayeishi au aliyewahi kuishi nchini humo hawezi kunyang'anywa uraia. Bunge la Sweden, Riksdag, haliwezi kuyagusa hayo kwa sheria ya kawaida. Ili kubadili maneno hayo lazima lipige kura mara mbili, na kati ya kura hizo ufanyike uchaguzi mkuu. Kwa muda mrefu mahakama za Sweden ziliweza kuikataa sheria ya Riksdag ikiwa tu kosa lake lilikuwa dhahiri. Sharti hilo la udhahiri liliondolewa kuanzia mwaka 2011.

Januari 2025 kamati iliyoundwa na serikali ilipendekeza maneno hayohayo ya sura ya pili yabadilishwe, ili mtu mwenye uraia wa nchi mbili aweze kupokonywa uraia wa Sweden akiwa ameupata kwa udanganyifu, au amefanya makosa mazito yanayohatarisha maslahi ya msingi ya taifa. Kwa Mkenya au Mganda wa Jakobsberg, ambaye nchi yake ya asili inamruhusu kuwa na pasipoti mbili, pendekezo hilo linamhusu. Mtanzania aliyekaa naye kiti kimoja, ambaye alipoteza uraia wa Tanzania siku alipopata uraia wa Sweden, lisingemgusa.